Mwalimu na Moto wa Miili Yetu

Kabla ya kutusalimu, alituuliza tumekula nini. Ungeweza kufika uwanjani umefiwa, umechapwa au umefaulu mtihani, swali la kwanza lilikuwa lilelile, na jibu la adabu hakulipokea. Ukisema "nimekula", aliendelea: "Nini? Bukari na nini? Uliimaliza ao uliachia ndugu yako?" Bukari ndiyo ugali wetu. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika lisee yetu, shule ya sekondari ya Kamina, na alasiri, masomo yakiisha, alikuwa kocha wetu sisi wasichana wa mbio. Mbele yake tulimwita Madame. Tukiwa wenyewe tulisema Mwalimu tu, kana kwamba wengine wote pale shuleni walikuwa watu wa kawaida.

Alikuwa mfupi, mwenye mwili, na alitembea kama mtu anayesikia treni yake inapiga honi. Alivaa kitenge chini ya fulana ya michezo, na raba nyeupe zilizokuwa nyekundu kwa vumbi kabla ya saa nne asubuhi. Kanisani aliimba sauti ya pili, laini kama mtu anayembembeleza mtoto. Uwanjani sauti hiyohiyo ilivuka reli na kuwageuza watu waliokuwa wakijiendea sokoni.

Duniani kulikuwa na swali moja alilolipenda kuliko yote: mwili wa mwanamke unachoma nini unapokimbia? Wengine walijiuliza nani atashinda uchaguzi, au sukari itapanda bei lini. Yeye alijiuliza hilo. Nyuma ya madarasa palikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa la nyumba ya mkuu wa shule, na mtandao wa simu ulishika vizuri juu yake kuliko mahali pengine popote. Tulizoea kumwona amesimama kule kileleni, viatu mkononi, simu ameiinua juu, akisubiri makala ya wataalamu wa nchi za mbali yashuke polepole. Mengi yaliandikwa kwa Kiingereza, lugha aliyoisoma kwa shida, neno kwa neno, akiipitisha kwanza kwenye Kifaransa. Akishuka, magoti yake yalikuwa mekundu kwa udongo na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari ya uzazi.

"Batoto, mukuye musikie," angesema. "Mukuye musikie kile Mungu alifanya."

Siku moja alituletea majiko mawili ya makaa, mbabula mbili zilizotobolewa kwa misumari, akaziweka kwenye nyasi pembeni ya uwanja. Ya kwanza aliijaza magunzi ya mahindi, ya pili makaa. Juu ya kila moja akatenga sufuria ya maji, akatuambia tukimbie kuzunguka uwanja huku tukiangalia. Magunzi yaliwaka palepale, ndimi za moto zikalamba sufuria hadi juu, maji yakaanza kuimba. Tulipozunguka tena, magunzi yalikuwa majivu. Makaa yalichelewa, yakatukera kwa uvivu wao, kisha yakashika, yakaendelea kuwaka mpaka sisi wenyewe tulipochoka.

"Magunzi njo sukari," alisema, akichutama kati ya majiko; makaa aliyaita makala, kama watu wa kwetu wote. "Iko kidogo mu musuli, iko kidogo mu ini. Inawaka mbiyo, inaisha mbiyo. Makala njo mafuta. Hata mwembamba kati yenu iko nayo ya kutosha kufika Kabongo kwa magulu. Sasa, mwanaume na mwanamuke bakikimbia mwendo moja, safari murefu, nani anachoma makala mingi?"

Tulisema mwanaume, kwa sababu tulizoea kusema hivyo kwa kila kitu kilicho kingi.

"Mwanamuke!" Alipiga paja lake kwa furaha. "Kuko mama moja ndani yenu, jina yake estrojeni. Yeye njo anasimamia jiko. Anaficha magunzi, anasema: tuanze na makala, hatujue safari itaisha wapi."

Sijui wenzangu walihisi nini. Mimi nilijitazama mikono, miguu, tumbo. Nilikuwa nimeishi na mwili huo miaka yote nikidhani ni mzigo wa kuosha na kufunika. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mle ndani mnakaa mtu mwenye busara.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali lake la pili, lile lililomletea matata. Alitufundisha kwamba yule mama wa jiko hakai sawa mwezi mzima. Siku za damu huwa chini kabisa, yeye na mwenzake projesteroni, na mwili hutumia sukari bila kubana sana. Yai likishatoka, wote wawili hupanda. Joto la mwili huongezeka kidogo, ini hutoa sukari kwa ubahili, na msichana anaweza kukimbia mbali bila taabu, lakini ukimwambia aruke ghafla kama mshale, anahisi kama mlango wa ghala umefungwa. Basi kabla ya mazoezi alipita mbele yetu akiuliza kila mmoja, waziwazi, kama anayeuliza saa: "Weye, uko mu juma gani?" Nasi tukajibu. Mwanzoni tulijibu tukiangalia vidole vya miguu. Baadaye tulijibu kama wanajeshi wa kambini wanavyojibu majina yao. Aliyekuwa katika juma la pili alipewa mbio fupi za kasi. Aliyekuwa katika juma la tatu alipewa mwendo mrefu na kikombe cha munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mahindi, anywe njiani. "Kama mama anafungia sukari ya ndani," alisema, "tunamuletea ya inje, anaacha kulalamika."

Habari zilifika kanisani. Kamina ya familia za kanisa ni mji wa makarani na walimu, watu wa shati lililopigwa pasi, na mambo ya mwezi wa msichana yanasemwa jikoni kwa sauti ya chini, ikiwa yanasemwa kabisa. Akina mama wa parokia walimwita. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyenisimulia, kwa miaka mingi, kila mara akiongeza mshangao.

Kiongozi wao alianza kwa upole. "Madame, weye uko muntu wa kanisa. Juu ya nini unauliza batoto mambo ya mwezi mu kiwanja, bantu bote banasikia?"

Mwalimu alikuwa amekaa na mikono mapajani. "Mama," alisema, "ile damu haiko minyi nilifanya. Njo Mungu. Minyi niko nasoma kazi yake tu. Kama Yeye hakusikia haya ya kuiumba, minyi nisikie haya ya kuitaja?"

Mama yangu alisema wengine walianza kutafuta mikoba yao. Kisha mama mmoja mzee, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mikutanoni, aliuliza: "Basi Madame, zamani, mwezi wangu ikiwa karibu kufika, nilikuwa ninatoka ku shamba na muzigo ya mihogo, ninasikia joto mubaya na magulu kama mawe. Siku zingine, muzigo ni ileile, ninaimba njia yote. Ilikuwa nini ile?"

Mwalimu alisogeza kiti chake mbele. Waliomwita ili wamkemee walitoka pale wakichelewa kupika, na kiongozi wao, ndivyo mama anavyoapa, ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Nisije nikamfanya malaika. Alitufundisha kwamba mwili haupaswi kuogopwa, na yeye mwenyewe alimwogopa chura. Si kidogo. Mwalimu wa biolojia aliwahi kupanda juu ya meza yake kwa sababu mvua ilileta chura darasani, akaendelea kufundisha usagaji wa chakula akiwa kule juu, kitenge amekishika, sauti haikutetemeka. Alihubiri usingizi na alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alituamuru tusiwatukane waamuzi, kisha mwamuzi alipomnyima mmoja wetu ushindi alimwaga Kiluba, lugha yetu ya nyumbani, cha aina ambayo hata sisi tuliozaliwa nacho tulikuwa hatujaisikia. Jumapili iliyofuata tulimwona amepiga magoti kanisani muda mrefu kuliko kawaida, tukajua ni yule mwamuzi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni jinsi alivyokosea. Katika timu yetu alikuwamo binti wa mwanajeshi aliyehamishiwa kambi ya Kamina kutoka upande mwingine wa nchi. Msichana huyo alizungumza Kiswahili chenye Lingala ndani, na alicheka kila kitu. Siku moja yalifanyika mashindano kutoka kambini kuja mjini, siku ya wanawake, barabara imejaa vitenge vya sare. Mwalimu alikuwa amemwambia mbele yetu: "Weye leo utafika, lakini usingojee miujiza. Juma yako ni mubaya kwa mwisho wa kasi." Yule binti akakimbia katikati ya kundi hadi nyumba za kwanza za mji zilipoonekana, kisha akaondoka kama mtu aliyeitwa jina. Hakuna aliyemshika. Alimpita hata mwanamke wa jeshi aliyekuwa akishinda kila mwaka.

Tulimtazama Mwalimu kwa wasiwasi. Yeye alikuwa anarukaruka.

"Nimekosea!" alipiga kelele, akimkumbatia yule binti mwenye jasho. "Nimekosea kabisa! Angalieni, mwili yake haikusoma kitabu!"

Jioni ile alituambia jambo ambalo walimu wengine hawakuwahi kutuambia: kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana, kwamba tofauti za mwezi ni ndogo kwa wengi na hazipo kabisa kwa wengine, kwamba kwa miaka mingi waliopima mbio na misuli walipima wanaume, kwa sababu mwezi wa wanawake uliwavurugia hesabu. "Banatuogopa kama minyi ninaogopa chura," alisema. Basi kila mmoja wetu alipaswa kujisoma mwenyewe. Alichotupa yeye kilikuwa ni ruhusa ya kusoma.

Na sasa nifike kwangu.

Nilikuwa mzuri wa mbio ndefu. Mtu fulani aliniambia kuwa mwili mwepesi ndio unaoruka, nikaamini. Nikaanza kusogeza bukari yangu upande wa wadogo zangu, na wao hawakukataa. Mwalimu alipouliza nimekula nini, nilitaja sombe ya majani ya mihogo, samaki, maharage. Nilikuwa nimejifunza kumjibu kwa urefu alioupenda. Kasi yangu ilipanda. Kisha mwezi wangu haukuja, nikafurahi, maana ulikuwa unanisumbua. Ukapita tena bila kuja. Mfupa wa mbele wa mguu ukaanza kuuma nikishuka ngazi, na katika mbio za mwisho za muhula nilipitwa na wasichana ambao nilizoea kuwasikia nyuma yangu.

Mama yangu alijua kilicho kwenye kamba ya nguo na kisichokuwepo: vitambaa vyangu vya mwezi. Alinifungia mlango wa chumba, akaniuliza: "Ni nani?"

Sikuelewa. Nilipomwambia sielewi, hakuamini.

Baba alikuwa karani wa reli na katibu wa parokia. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliacha kunitazama, na alipotaka chumvi mezani aliiomba kwa mdogo wangu hata kama ilikuwa mbele yangu. Walinipeleka kituo cha afya, wakapima, hakuna mimba. Shangazi yangu akasema vipimo vinadanganya, ngojeni tumbo. Nikakatazwa shule. Majirani wakaanza kunihesabia miezi. Wasichana niliokuwa nikiimba nao kanisani wakawa wanavuka barabara wakiniona.

Jumapili, baada ya ibada, Mwalimu alikuja nyumbani bado amevaa joho la kwaya. Alikaa, akanywa maji aliyopewa, akaniita nikae karibu naye.

"Papa," alimwambia baba yangu, "mutoto haina mimba."

Baba alitazama ukuta. "Kama haina mimba, damu iko wapi?"

"Mwili imeifunga." Alisema hivyo taratibu, kama anayempa mtu habari ya msiba. "Mutoto anakimbia sana, anakula kidogo. Mwili inaangalia: kile kinaingia, kile mbio inabeba, kile kinabakia. Ikiona kinabakia kidogo, inafunga kwanza nyumba ya mutoto, juu haiwezi kubeba mutu mwingine mu njaa. Estrojeni inashuka. Na ikishuka, mifupa inakosa mulinzi." Aliinama, akabonyeza mfupa wa mguu wangu kwa kidole gumba. Nilipiga ukelele. "Munasikia? Ule mufupa iko unasema ukweli kuliko bantu ya kartiye yote, mutaa muzima."

Mama akafunika mdomo kwa kitenge.

"Basi ni mbio njo ilimuharibu," baba alisema. "Hatakimbia tena."

"Haiko mbio, Papa. Njo njaa. Na minyi nilikuwa naye kila siku. Nilimuuliza alikula nini, akanijibu muzuri, sikumuangalia uso." Sauti yake ikapungua. "Unikasirikie minyi. Lakini usimuache mutoto peke yake mu ile hasira. Hakufanya kitu."

Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, baba alinigeukia. Akainuka, akatoka nje kusimama karibu na ua.

Nilirudishwa shule, lakini Mwalimu mwenyewe alinitoa kwenye timu. Msimu wa mvua wote nilikaa pembeni ya uwanja na karanga na ndizi mapajani, nikiwatazama wenzangu wakizunguka, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alinipa chakula kama anavyolishwa mgonjwa, akasubiri nimalize, akaangalia mikono yangu ili nisifiche kitu kwenye mfuko. Nililia, akanipa leso na ndizi nyingine. Alijua ninamchukia. Alikaa karibu nami hata hivyo, kitenge chake kikilowa kwenye nyasi, akiwapigia wengine kelele na kuninong'oneza mimi: "Mwili haikukuacha. Ilikulinda tu. Tuishukuru, tuilishe."

Asubuhi mwezi wangu uliporudi, nilimkuta darasani akichora ini ubaoni. Nilimsogelea nikamwambia sikioni. Aliweka chaki chini. Aliwaambia wenzangu wainakili ile picha, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama nyuma ya darasa, peke yake, mikono yote miwili juu, uso mbinguni, na mabega yakimtikisika. Alirudi amenawa uso, akaendelea na ini.

Nyumbani nilimwambia mama, na mama alimwambia baba. Mezani, siku ile, baba alichukua samaki mkavu wa kutoka Bukama, ile sehemu ya baba, akaitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu. Nilimla yule samaki wote mpaka mifupa.

Nikakimbia tena, si kwa kasi ya kutisha, lakini miaka mingi.

Sasa ninaishi Lubumbashi. Mwaka jana nilipanda treni kurudi Kamina kumwonyesha mama mjukuu wake, msichana, bado ananyonya. Nilimwendea Mwalimu nyumbani kwake. Amestaafu, nywele zimekuwa nyeupe, na soli za raba zake zimeisha upande mmoja. Kila asubuhi hutembea kwa kasi kwenye barabara ya kambini pamoja na wanawake wa rika lake, wake wa wanajeshi na waimbaji wa kwaya, akiwauliza mambo yanayowafanya wacheke mpaka wakae chini.

Tulikuwa hatujazungumza sana aliponyanyua mkono kuninyamazisha. Jasho lilimtoka usoni palepale, ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Alichukua mfuniko wa sufuria akajipepea, macho yamemtoka kwa furaha.

"Ona, ona, inakuya! Estrojeni ilitoka mu nyumba yangu, hata haikuaga. Sasa jiko haina musimamizi, moto inawaka vile inataka." Akacheka. "Miaka yote nilifundisha ile mama akiwa ndani. Sasa Mungu ananipa kuona nyumba bila yeye. Niko ninajifunza upya, kama mutoto wa ecole, wa darasa ya kwanza."

Binti yangu aliamka akalia. Nikamnyonyesha. Kwa kuwa Mwalimu alikuwa ananitazama, nilimwambia kwa aibu kidogo kwamba siku hizi sikimbii, kwamba mapaja yangu yalinenepa tangu ujauzito na ninaona haya kuvaa nguo zangu za zamani.

Aliacha kujipepea.

"Usiseme vile," alisema. "Unajua ile mafuta ya mapaja? Njo ya kichwa kigumu kuliko yote. Mbio inaiita, inakataa. Njaa inaiita, inakataa mpaka mwisho. Sasa mutoto iko anaita." Alinyoosha kidole, bila kugusa, kuelekea kinywa cha binti yangu. "Njo inaitika. Inatoka kule chini, inapanda, inakuwa maziwa. Ubongo yake inajengwa na ile."

Chumbani palisikika mtoto akimeza, akipumua, akimeza.

Kuna salamu yetu ya Kiluba ambayo mdogo humpa mkubwa, na watu wote humpa chifu: unakunja magoti, unapiga makofi polepole viganja vikiwa na shimo katikati, unasema "Vidye". Mwalimu aliinuka kwenye kiti chake kwa taabu. Akakunja magoti yake mazee mpaka yakakaribia sakafu, akapiga makofi yale, taratibu, akasema:

"Vidye."

Niligeuka haraka kuona ni mkubwa gani ameingia. Mlangoni hapakuwa na mtu.